Kesi ya Viti vya Mlima Utulivu

Iko nchi moja, na kama huijui usijilaumu, maana hata wachora ramani walipofika pale karatasi yao ilikuwa imekunjwa. Nchi hiyo inaitwa Jamhuri ya Tambarare. Ina milima mingi mpaka watu wakitaka kucheza mpira, lazima kwanza waamue timu ipi itacheza ikipanda. Lakini siku ya uhuru, Mkuu wa Wakuu alisema kwamba katika nchi yake hakutakuwa na wa juu wala wa chini, na Bunge kwa kushangilia likapitisha jina la Tambarare kabla hajamaliza sentensi. Tangu siku ile, sisi wananchi tunapanda milima yetu kwa adabu na kuhema kwa siri.

Katika nchi iliyo tambarare kwa mujibu wa sheria, ardhi haiwezi kuporomoka. Iporomoke kutoka wapi kwenda wapi? Neno lenyewe, maporomoko, liliondolewa katika vitabu vya shule. Kila masika mlima ulipoteremka na kufunika shamba la mtu, redio ilitangaza kwamba mwananchi huyo ameongezewa udongo. Nasi tulipiga makofi. Kwa makofi hatujambo. Tukikosa la kupigia, tunaua mbu.

Katika nchi hiyo aliishi Dokta Akwilini Mbepera, Mkurugenzi wa Idara ya Maji ya Chini ya Ardhi. Alisoma ng'ambo kwa miaka mingi jinsi mvua inavyoingia mlimani, inavyopita katika nyufa za mwamba, inavyojikusanya juu ya udongo wa mfinyanzi, na mwishowe inavyoweza kuushusha mlima wote bila kuuomba ruhusa. Aliporudi na elimu hiyo, serikali ilifurahi, ikampa ofisi yenye zulia. Idara ilikuwa imeundwa kwa sababu Mkuu wa Wakuu alipotembelea nchi fulani alikuta wao wanayo. Kazi yake ilikuwa kuwepo, na Dokta aliifanya kwa bidii. Alifika mapema, akawepo, akarudi nyumbani.

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, na yeye mwenyewe aliujua na kuucheka mbele ya kioo kila asubuhi alipokuwa akinyoa ndevu: mtu akimwita Dokta, shingo yake inalegea na kichwa kinaanza kukubali chenyewe. "Akwilini," alijiambia, "wenzako wanaugua malaria. Wewe unaugua cheo."

Mwaka huo masika yalikuja kama mgeni asiyejua kuaga. Pale kijiji cha Nyayoni, chini ya mlima ambao wazee waliuita Chururu na serikali ikaubadili jina kuwa Utulivu, mambo ya ajabu yakaanza. Maji yakatoka nyuma ya zahanati. Yakatoka kanisani, karibu na mimbari. Yakatoka jikoni kwa mama mmoja, katikati ya mafiga, akawa anapika huku akichota. Watu wa Nyayoni, ambao walikuwa wameahidiwa maji na kila mbunge mpaka wakazeeka, walicheza ngoma. Na Wizara, iliposikia kwamba maji yametoka Nyayoni, ilishtuka kidogo, kisha ikakumbuka kwamba ni yenyewe iliyoyaleta.

Dokta akatumwa kwenda kuyathibitisha. Alipanda Mlima Utulivu siku nzima, suruali ikiwa imekunjwa mpaka magotini, viatu vya ofisini vikilia kama vyura. Juu kabisa, pale ambapo msitu ulikuwa umefyekwa ili yaandikwe kwa mawe meupe maneno TAMBARARE HOYEE, alikuta ufa. Ulikuwa umejipinda kama mwezi mchanga, kutoka herufi ya kwanza mpaka ya mwisho, na mtu angeweza kuingiza mguu mpaka pajani. Miti michache iliyobaki chini yake ilikuwa imeinama kila mmoja upande wake, kama watu wanaotoka kilabuni.

Dokta akaketi juu ya herufi O. Kwa mara ya kwanza tangu apewe ofisi, elimu yake yote ikamrudia kwa pamoja, nayo haikuja na habari njema. Mlima ulikuwa umeshiba maji. Zile chemchemi kule chini zilikuwa jasho la mtu anayeelemewa na mzigo.

Kijijini alikuwa anaishi mama mkwe wake.

*

Waziri wa Maji na Shangwe, Mheshimiwa Gaudensi Kipozi, alimpokea kwa furaha. Ukutani mwake palikuwa na mchoro wa ukuta mkubwa wa saruji wenye bomba moja katikati, na juu ya bomba hilo uso wa Mkuu wa Wakuu, akitabasamu.

"Tazama, Dokta. Chemchemi zimetapakaa ovyo, hazina nidhamu. Tunaziziba zote kwa saruji, maji yote yatokee hapa, chini ya kidevu cha Mkuu. Atakuja kufungua mwenyewe."

"Mheshimiwa," alisema Dokta, "tukiziziba, maji hayatakuwa na pa kutokea."

"Si ndiyo nasema? Yatokee hapa."

"Hayatatokea hapo tu. Yatarudi nyuma, yajae ndani ya mlima. Mlima unashikiliwa na msuguano, Mheshimiwa. Maji yakizidi, yanauinua udongo kutoka kwenye mwamba, basi unateleza. Pale juu pana ufa tayari."

Waziri akamtazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama ndugu aliyerukwa na akili siku ya harusi.

"Dokta, tumewaahidi watu maji tangu tulipopata uhuru. Leo yametoka. Wewe mtaalamu wa maji unaniambia kutoka kwa maji ni jambo baya?"

"Kwa namna yalivyotoka, Mheshimiwa."

"Na mlima utakwenda wapi? Hii si Tambarare?"

"Ni Tambarare, Mheshimiwa."

"Basi sikia." Waziri akasimama, akamwekea mkono begani. "Wananchi wana imani na wewe. Hawaniamini mimi, mimi ni mwanasiasa. Wanakuamini wewe, Dokta. Redio inakusubiri, Dokta."

Alilitaja jina hilo mara mbili mfululizo, na kila mara shingo ililegea.

Jioni ile taifa zima lilimsikia. "Kwa kuzingatia vigezo vilivyopo," alisema Dokta Mbepera kwa ile sauti nzito aliyoinunua ng'ambo pamoja na shahada, "na bila kuathiri vigezo ambavyo havipo, Mlima Utulivu uko katika hali ya uimara wa kuridhisha, ukilinganishwa na milima ambayo tayari imeanguka."

Alijisifu kidogo kwa sentensi hiyo. Ukiichunguza vizuri, haikuwa uongo. Ila ni nani katika Tambarare anayechunguza sentensi? Sisi tunasikiliza ilipoishia, tujue kama ni pa kupigia makofi.

Mkewe Pelajia alimkuta mlangoni, redio ikiwa bado mkononi. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Baba Siwema, mama yangu analala chini ya vigezo vyako."

*

Kesho yake Dokta alikwenda Nyayoni. Mama Generoza, mama mkwe wake, alikuwa uani akipepeta maharage. Dokta akasimama mbali, kama inavyompasa mkwe, macho chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe. Mbona ghafla? Pelajia mzima?"

"Mzima kabisa, mama. Tunaomba uje ukae kwetu siku chache. Wajukuu wamekukumbuka."

"Wajukuu walinikumbuka Krismasi, nikaja. Watanikumbuka tena Pasaka."

"Mama, mlima huu si mzuri."

"Nani kasema?"

"Mimi."

Mama Generoza akaacha kupepeta. "Wewe? Wewe si ulisema redioni ni imara? Majirani wote walikuwa hapa uani, nikawaambia nyamazeni, huyo ni mkwe wangu. Mama Petronila alikuwa amefunga mizigo aende kwa kaka yake, eti amesikia ardhi inanguruma. Nikamwambia fungua mizigo, Dokta amesema. Akafungua. Wote walifungua."

Dokta alihisi kama mtu aliyerusha jiwe gizani kisha akasikia mtoto wake analia. Hakuwa amejua kwamba watu walikwisha kufunga mizigo.

"Mama, yule wa redioni alikosea."

"Usimseme vibaya mkwe wangu."

"Mama, ni mimi yule."

"Ndiyo maana nakukataza. Mtu asijitukane mbele ya mama mkwe wake, ni aibu." Akarudi kwenye ungo. "Na tena yule alizungumza kama msomi, neno moja likimpokea jingine. Wewe hapa unababaika kama mtu aliyeamkia pombe ya kangara. Mimi nimsikilize nani?"

"Angalia mlango wako, mama. Haufungi."

"Umevimba kwa masika."

"Na ule ufa ukutani?"

"Unaniletea hewa. Mkwe, nimepewa kiti cha mbele siku ya sherehe. Cha mbele kabisa! Mwenyekiti alisema, huyu ni mama wa Dokta. Miaka yote nakaa chini kwenye majani pamoja na mbuzi. Sasa unataka niende mjini nikalale kwenye kochi?"

Dokta akaenda kwa Mama Petronila, akaenda kwa mchungaji, akaenda kwa mwenyekiti. Kila mahali alipigana na mtu mmoja, Dokta Mbepera wa redioni, na kila mahali yule wa redioni alimshinda. Alikuwa na sauti nzuri, hakuwa na matope miguuni, na serikali ilikuwa upande wake. Jua lilipokuwa linashuka, Dokta aliketi kwenye jiwe kando ya njia, akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. "Akwilini," akasema, "ulitaka uaminiwe. Haya, umeaminiwa."

*

Ukuta ukajengwa. Chemchemi zote zikazibwa, ya zahanati, ya kanisani, hata ile ya jikoni, ambapo mafundi walimwaga saruji wakamwachia mwenye nyumba mafiga mawili. Kisha mvua ikakatika, mbingu zikawa safi, na Waziri akamsimanga Dokta kwa simu: "Mvua si hiyo imekwisha? Mlima wako mbona umekaa?"

Dokta alijua kwa nini umekaa. Maji ya chini ya ardhi ni kama faili la serikali. Linaingia leo kwa dirisha la juu, linapita polepole meza kwa meza, na linatoka siku ambayo kila mtu amelisahau. Milima mingine hungoja mvua ikatike, watu waanike nguo, ndipo ianguke.

Siku ya sherehe jua liliwaka. Viti vya Wizara vilipangwa chini ya ukuta, vyekundu vyenye mikono ya dhahabu, na vililindwa na Mzee Onesfori, mlinzi mrefu mkavu aliyevaa koti la jeshi ambalo vita vyake havikumbukwi. Kijiji kizima kilikuwa pale. Bendi ilikuwepo. Mama Generoza alikuwa kwenye kiti cha mbele, kitenge kipya, mkoba juu ya magoti, akitazama kulia na kushoto kuhakikisha anatazamwa.

Mkuu wa Wakuu alikuwa bado hajafika, kwa hiyo mshereheshaji akajaza muda kwa kulijaribu bomba. Likakohoa. Likatema maji mekundu ya udongo, mazito kama uji wa ulezi. Kisha likakauka kabisa.

Watu wakacheka. Dokta hakucheka. Bomba kukauka ghafla, na mlima ukiwa umejaa vile, maana yake ni kwamba huko ndani njia za maji zimekatika. Udongo ulikuwa umeanza kusogea. Kijiwe kimoja kikaja kikidunda kutoka juu, kikapita katikati ya bendi, kikajipumzisha miguuni pa mpiga tarumbeta.

"Sasa," alisema mshereheshaji, "mtaalamu wetu atatueleza kitaalamu!"

Dokta akachukua kipaza sauti, na hofu ikampeleka kwenye maneno aliyoyazoea. "Ndugu wananchi, shinikizo la maji katika vinyweleo vya udongo limezidi ukinzani wa tabaka la mtelezo!"

Makofi yakalipuka. "Msomi huyo!" alipaza mshereheshaji. "Hatujaelewa, lakini tumeridhika!"

"Nasema mlima unaanguka!"

"Anasema kwa mafumbo! Mlima wa umaskini unaanguka!" Bendi ikapiga. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama Generoza akamgusa wa pembeni yake: "Mkwe wangu."

Hapo ndipo Dokta Akwilini Mbepera alipoelewa nchi yake, na alipojielewa mwenyewe. Ukweli alikuwa amewaambia kwa lugha mbili, na zote mbili watu wamezichezea ngoma. Kilichobaki ni kile kitu kimoja ambacho Mtambarare hukitii bila kuuliza. Akavuta pumzi, akaitoa ile sauti ya ng'ambo.

"Tangazo kutoka Itifaki! Msafara wa Mkuu wa Wakuu umebadili njia. Anashukia ng'ambo ya bonde, uwanja wa shule. Yuko karibu. Atakayekutwa huku atajieleza kwa maandishi!"

Hakuna aliyewahi kuona kijiji kinahama namna ile. Wa kwanza kukimbia alikuwa Waziri, maana katika serikali yetu hakuna anayemwambia mwenzake jambo, kwa hiyo hakushangaa kwamba hakuambiwa. Nyuma yake bendi, ikipiga huku inakimbia. Nyuma yake mchungaji, wagonjwa wa zahanati, wenye watoto mgongoni, wenye kuku kwapani. Daraja la miti lilinesa chini yao.

Mbali na Dokta, wakabaki watu wawili. Mama Generoza hakuondoka kwenye kiti.

"Mama, tafadhali!"

"Mkuu akimaliza kule atakuja huku. Nikiinuka, kiti kitachukuliwa."

"Basi kichukue uende nacho!"

"Hapana," alisema Mzee Onesfori, akipiga hatua mbele. "Kiti hakitoki, Mkurugenzi. Nimekabidhiwa viti hivi mimi. Mpaka nikabidhi, siondoki mimi wala haviondoki vyenyewe."

Dokta akatazama juu. Herufi za mawe meupe zilikuwa zimeanza kuachana. HOYEE ilikuwa imeshuka chini ya TAMBARARE. Akafikiri kumburuta mzee, lakini yule mzee alikuwa mrefu kuliko yeye na alikuwa na rungu. Akasimama wima.

"Mzee Onesfori, mimi Mkurugenzi navipokea viti hivi."

"Vyote?"

"Vyote!"

"Vikiwa vizima?"

"Vikiwa vizima!"

"Kile cha nyuma kina mguu mbovu."

"Nakipokea na mguu wake mbovu, baba! Nimepokea!"

Mzee Onesfori akapiga saluti, akageuka kwa mtindo wa kijeshi, kisha akatimua mbio ambazo hakuna aliyezitarajia kwa umri ule. Dokta akamgeukia mama mkwe wake.

"Mama, viti sasa ni vyangu. Hicho nimekupa. Inuka!"

Mama Generoza alifikiri kidogo, akaona ni haki. Akainuka, akakitweka kiti kichwani, na Dokta akafanya jambo ambalo tangu aoe hakuwahi kulifanya wala kuliota: akamshika mama mkwe wake mkono, wakakimbia.

Walikuwa wamevuka daraja waliposikia. Haikuwa ngurumo. Ilikuwa kama pumzi ndefu ya mtu aliyebeba mzigo tangu asubuhi na sasa ameamua kuutua. Mlima ulishuka chini ya jua kali, bila tone la mvua. Miti ilikuja imesimama wima, ikitembea, kama wazee wanaokwenda kikaoni. Ukuta wa saruji ulikaa kidogo, ukajitahidi, kisha ukalala. Viti vyekundu viliinuka vyote kwa pamoja kana kwamba Mkuu amewasili, halafu havikuonekana tena. Zahanati, kanisa, nyumba moja baada ya nyingine, zote zikaingia kwenye matope kwa upole wa kutisha.

Kisha kimya.

Watu walianza kuitana majina. Waliitana muda mrefu, kila jina likaitika, na wakaitana tena kwa kuwa hawakuamini. Mama Generoza alishusha kiti, akakikalia, akatazama pale palipokuwa uani mwake.

"Ungo wangu ulikuwa nje," alisema.

Mkono wa Dokta ulikuwa bado umeshika wa mama mkwe wake, na hakuna hata mmoja aliyeona la ajabu. Waziri, kanzu yake ya shangwe ikiwa imepasuka mgongoni, alikuwa anazunguka uwanja wa shule akiuliza kila mtu, "Mkuu yuko wapi? Mkuu ameshafika?"

*

Redio ilitangaza kwamba Mlima Utulivu umefanya ziara ya kikazi bondeni, na kwamba Mkuu wa Wakuu, kwa uwezo wake wa kuona mbali, aliwahamisha wananchi mapema. Tukapiga makofi. Kwa hiyo Dokta hakuweza kushtakiwa kwa kumzulia Mkuu safari, kwa kuwa sasa ilikuwa safari ya kweli. Hakuweza kushtakiwa kwa yale ya redioni, kwa kuwa yalikuwa ya serikali. Hakuweza pia kushukuriwa. Lakini Wizara ilikuwa imepoteza viti, na viti lazima viwe na mtu.

Kesi ilisikilizwa katika mji wa jirani, uliojengwa ubavuni mwa mlima mwingine, mbele ya Hakimu Lubasha, mtu mnene mpole aliyependa mambo yaishe kabla ya chakula cha mchana. Mzee Onesfori alitoa ushahidi wa kweli mtupu: "Alivipokea vizima, kwa sauti, mbele ya shahidi." Mama Generoza aliingia na kile kiti kimoja kama kielelezo, akakikalia kizimbani, akakataa kukiacha.

"Bibi, kiti hicho ni mali ya serikali," alisema mwendesha mashtaka.

"Nyumba yangu serikali imeiweka wapi? Ikirudisha nyumba, nitarudisha kiti."

"Na mshtakiwa unamfahamu?"

Mama Generoza alimtazama Dokta. "Ni mwanangu," alisema. Hakusema mkwe, na Dokta akainamisha uso.

Ikabaki tatizo moja la kisheria. Serikali ilikuwa imeapa kwamba mlima haukuporomoka. Sasa viti vimekwenda wapi?

"Mshtakiwa," alisema Hakimu, akiitazama saa ya ukutani, "viti viko wapi? Eleza kwa lugha ambayo karani ataweza kuiandika."

Dokta alifungua mdomo, na akashangaa kwamba ile sauti ya ng'ambo haikuja. Ilikuja sauti ya kawaida, ya mtu aliyezaliwa mlimani.

"Mheshimiwa Hakimu, punje za udongo zinashikana mikono. Ndiyo maana mlima unasimama. Mvua ikinyesha, maji yanaingia katikati yake. Yakipata pa kutokea, hakuna neno. Tukikata miti iliyokuwa inayanywa, tukaziba chemchemi zilizokuwa zinayatoa, yanajaa. Yakijaa, yanasukuma, punje moja inaachia mkono wa mwenzake. Ukiona mlango uliokuwa unafunga umegoma, ni ardhi inasogea. Ukiona miti inainama, ukiona maji yametokea mahali pasipo na maji, ni mlima unakuambia umechoka. Nilijua haya yote. Nilisema kinyume chake redioni kwa sababu niliitwa Dokta mara mbili. Viti viko chini ya mlima, Mheshimiwa. Watu nao wangekuwa huko, na ningekuwa nimewaweka mimi."

Hakuna aliyepiga makofi. Madirishani, walikokuwa wamesimama watu wa mjini waliokuja kumwona mwizi wa viti, mtu mmoja aliondoka kimya, kisha mwingine, kisha wawili wakiwa wameshikana mikono.

Mwendesha mashtaka akasimama kupinga. Hakimu alimwashiria akae. Alikuwa ameiacha saa, ameinama juu ya meza.

"Kwa ajili ya kumbukumbu za viti," alisema polepole, "huo mlango. Mlango wa mtu yeyote tu. Ukigoma, ni hatari?"

"Umeanza kugoma lini, Mheshimiwa?"

"Tuseme... tangu masika."

"Nyumba hiyo iko ubavuni mwa mlima?"

"Ubavuni. Kwa chini yake wamejenga ukuta wa barabara, wa saruji. Mzuri sana."

"Ukuta huo una matundu ya kutolea maji?"

"Ni laini kabisa. Tuliusifu kwa ulaini huo." Hakimu alijipangusa shingo. "Nyuma ya jiko pana ubichi. Mke wangu amepanda mchicha pale. Umestawi, Dokta, umestawi kupita kiasi. Wanangu wanalala chumba cha upande huo."

Dokta hakusema chochote cha kitaalamu. "Waondoe kwanza," alisema. "Mengine tutayaangalia wakiwa wametoka."

Hakimu Lubasha akagonga nyundo. "Shauri la viti linaahirishwa!" Akainua joho lake mpaka magotini, akashuka jukwaani kwa mbio za kinyonge, akafika mlangoni, akarudi akihema.

"Ukiutazama ukuta ule, unaweza kujua pa kuutoboa?"

"Nikiutazama, naweza."

"Askari! Mlete mshtakiwa. Tafuteni majembe, tafuteni na nyundo kubwa."

"Na pingu, Mheshimiwa?" aliuliza askari.

Hakimu alifikiri kwa haraka, kama mtu wa sheria. Kesi ilikuwa bado haijaisha, na serikali ni serikali.

"Mfungue mkono wa kulia," alisema, "huo ndio wa kuonyeshea."

Askari akaufungua ule mkono, pingu ikabaki inaning'inia kwenye wa kushoto, na Dokta Akwilini Mbepera akatangulia kupanda mlima, watu wa madirishani wakimfuata na majembe yao, wakimwuliza njiani habari za milango.